Kati ya kusoma na kuomba: kazi waliyoijua Wapuritani na Wapietisti

Ukiwauliza Wakristo wengi wa kwetu wanafanyaje ibada ya asubuhi, jibu ni lile lile: nasoma Neno, naomba, natoka. Sura moja, au andiko lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp alfajiri, kisha maombi yasiyohusiana na kilichosomwa. Umesoma habari za Mungu kumwita Musa penye kijiti, halafu unaomba kodi ya nyumba. Kuomba kodi si kosa hata kidogo. Tatizo ni kwamba Mungu amesema jambo moja nawe umeitikia jingine, na mazungumzo ya namna hiyo hayachukui muda kabla hayajakauka.

Pengo hilo lina dawa, na dawa yenyewe ni ya zamani. Wapuritani wa Uingereza waliiandikia maelfu ya kurasa. Wapietisti wa Ujerumani wakaiongezea kitu ambacho Wapuritani hawakukitilia mkazo sana. Jina la kundi la kwanza siku hizi linaleta picha ya watu wa nguo nyeusi wasiocheka, na la pili linaleta picha ya mlokole wa kulialia. Picha zote mbili zimetuzuia kuona kwamba watu hawa walikuwa mafundi.

Kwa kifupi, walikuwa nani? Wapuritani walitaka Kanisa la Uingereza liendelee kusafishwa baada ya Malkia Elizabeth wa Kwanza kulirudisha upande wa Matengenezo ya Kiprotestanti mwaka 1559. Walidumu ndani ya kanisa hilo kwa miaka mia moja hivi, hadi sheria ya kulazimisha kitabu kimoja cha ibada ilipowang'oa tarehe 24 Agosti 1662. Ukihesabu na waliotolewa miaka miwili kabla yake, wachungaji wapatao 2,000 walipoteza nafasi zao. Wapietisti walitokea ndani ya makanisa ya Kilutheri ya Ujerumani baada ya Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648), mahali ambapo mafundisho yalikuwa yamenyooka lakini waumini wengi walikuja kanisani kama wanavyokwenda kulipa ushuru.

Makundi haya yaliazimana vitabu. Lewis Bayly, askofu wa Bangor kule Wales, aliandika kitabu cha mazoea ya utauwa kilichopigwa chapa mara nyingi mno. John Bunyan, mwandishi Mpuritani, alipooa, yeye na mkewe hawakuwa na hata sahani wala kijiko, lakini mke alikuja na vitabu viwili alivyoachiwa na baba yake, na kimoja kilikuwa hicho cha Bayly. Kitabu hicho hicho, kwa Kijerumani, kilisomwa katika mikutano iliyoanza nyumbani kwa Philipp Jakob Spener, mchungaji aliyeanzisha Upietisti, Frankfurt, mwaka 1670. Bayly alimpangia msomaji sura tatu kwa siku: asubuhi, adhuhuri na usiku. Ndiyo, sura tatu. Mipango yetu ya kusoma Biblia kwa mwaka mmoja haina jipya. Jipya ni kwamba tumebaki na hesabu ya sura, ile kazi inayofuata baada ya kusoma tukaiacha.

Kazi hiyo ni kutafakari. Anayeieleza vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni mchungaji Mpuritani Richard Baxter (1615–1691). Mwaka 1647, akiwa mgonjwa na akidhani anakufa, alianza kuandika juu ya pumziko la watakatifu mbinguni, awe na cha kumtuliza mwenyewe. Kitabu kilitoka mwaka 1650, na sehemu yake ya nne ni maelekezo ya namna ya kutafakari, hatua kwa hatua. Anataka muda uliopangwa, usiobadilishwa ovyo, kila siku. Anataka mahali pa upweke, na anamtaja Isaka aliyetoka jioni kwenda kondeni kutafakari. Yeye mwenyewe aliona saa inayomfaa ni kuanzia jua linapozama hadi giza linapoingia. Wengine waliona alfajiri. La msingi ni kuchagua saa ambayo akili yako iko macho. Dakika za mwisho kabla ya usingizi, kichwa kikiwa juu ya mto wa kulalia, hazifai, hata kama ndizo zinazopatikana kwa urahisi.

Kiini cha mbinu yake ni mpangilio: akili kwanza, moyo baadaye. Unaanza kwa kulifikiria jambo hadi ulielewe, unaliamua kuwa ni kweli na kwamba linakuhusu, ndipo unalipeleka kwenye hisia moja baada ya nyingine. Anazitaja tano: upendo, shauku, tumaini, ujasiri, furaha. Halafu unaihubiria nafsi yako. Mwisho ndipo unamgeukia Mungu kwa maombi. Ukipindua mpangilio huu, ukaanza kwa kutafuta kusisimka, utapata msisimko wa muziki au wa sauti yako mwenyewe.

Tuchukue andiko moja tulifanyie kazi, Warumi 8:32: "Yeye asiyemwachilia Mwana wake mwenyewe, bali alimtoa kwa ajili yetu sisi sote, atakosaje kutukirimia na mambo yote pamoja naye?" Mstari mmoja unatosha kwa nusu saa. Dakika tano za kwanza soma sura kuanzia aya ya 28, ujue Paulo anajibu nini. Kisha rudi kwenye mstari wako, uulize maswali ya kawaida kabisa. Nani alitoa? Alitoa nini? Kwa ajili ya nani? Hoja inajengwaje? Utaona ni hoja ya kutoka kikubwa kwenda kidogo: aliyekwisha kulipa gharama kubwa hawezi kushindwa na ndogo. Hapo una fundisho moja. Liandike kwa sentensi moja. Likikataa kuingia katika sentensi moja, bado hujalielewa, kwa hiyo usiendelee.

Sasa matumizi. Wahubiri wa Kipuritani, tangu William Perkins mwishoni mwa karne ya 16, walifundishwa kwamba fundisho lisilopelekwa kwenye matumizi halijamalizika. Utaratibu wa ibada uliotungwa na Baraza la Westminster, kikao cha wachungaji kilichoitwa na Bunge la Uingereza, na kutolewa mwaka 1645 unayataja: kufundisha, kukanusha uongo, kuhimiza, kuonya, kufariji, na kumpa mtu kipimo cha kujichunguza. Huhitaji yote kila siku. Kwa mstari huu, kukanusha kunaweza kuwa hivi: kuna sauti inayosema Mungu ananinyima kwa sababu hanipendi. Paulo anasema kipimo cha upendo kimeshatolewa, nacho ni Mwana. Kufariji: ile kodi. Hapo ndipo kodi inapoingia, na imeingia kwa mlango wake. Kujichunguza: je, nimekuwa nikiomba kama mtu anayemshawishi bahili?

Halafu jihubirie. Wengi wetu hatukulelewa hivyo, na mwanzoni utajisikia mjinga kidogo. Zaburi 42:5 inafanya hivyo waziwazi: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu? Umtumaini Mungu." Mtunga zaburi haisikilizi tu nafsi yake ikilalamika, anaihoji, kisha anaiamuru. Kwa sauti ya chini, taja jina lako, sema sentensi tatu au nne ulizozipata, kwa nafsi ya pili: wewe unaogopa nini, wakati umeambiwa hivi. Dakika tano zinatosha. Ukiingia kwenye maombi baada ya hapo utaona kwamba unacho cha kusema, na kwamba unachosema kinajibu ulichosikia. Thomas Watson, mmoja wa waliofukuzwa mwaka 1662, alisema tunatoka baridi kwenye kusoma Neno kwa sababu hatukuota moto wa kutafakari.

Mambo hukwama wapi? Mara nyingi ni andiko refu mno. Sura nzima haitafakariki kwa nusu saa, inasomeka tu. Mara nyingine mtu anadhani kutafakari ni kuondoa mawazo yote kichwani na kukaa kimya. Kwa Wapuritani ilikuwa kinyume: ni kujaza kichwa na kukifanyisha kazi. Simu nayo inajulikana, sitaipotezea maneno, isipokuwa kusema Biblia ya karatasi inamaliza nusu ya tatizo. Ugonjwa mbaya zaidi ni wa wahubiri, waalimu wa Jumapili na viongozi wa vikundi: wakipata wazo zuri tu, wanaliandalia mahubiri. "Hili litawafaa vijana." Limeshakuponyoka. Ukiwa mtumishi, chagua kwa ajili ya tafakari yako andiko ambalo huna mpango wa kulihubiri mwezi huu.

Wapuritani nao walikuwa na jeraha lao, na ni haki kulitaja. Kwa kuwa walijichunguza kila siku, wengi wakiandika shajara za dhambi na rehema, wengine walizama humo. Kila siku wanaipima imani yao, na kila siku wanaiona haitoshi. Kujichunguza kukawa shimo lisilo na sakafu. Waliojua kuliponya jeraha hili walikuwa Wapuritani wenyewe. Richard Sibbes mwaka 1630 alitoa kitabu kizima juu ya Isaya 42:3, "Mwanzi uliopondeka hatauvunja, wala utambi utokao moshi hatauzima." Hoja yake ni kwamba moshi ni ushahidi wa moto, imani ndogo bado ni imani. Mchuuzi mmoja wa kupita nyumba kwa nyumba alimuuzia baba yake Baxter kitabu hicho, na Baxter kijana akapata humo kile alichokikosa. Kwa matumizi ya leo ningeweka mpaka: kujichunguza kwa kina mara moja kwa wiki, au kabla ya Meza ya Bwana, dakika zisizozidi ishirini, na kila kosa unaloliandika liandikie pembeni andiko la ahadi. Ukiona kwa mwezi mzima ukurasa wa makosa unajaa na wa ahadi uko mtupu, funga daftari, nenda kwa mtu unayemwamini.

Hapo ndipo Wapietisti wanapoingia, maana dawa ya mtu aliyezama ndani yake ni ndugu.

Lakini kwanza suala la tarehe, kwa sababu linatuhusu moja kwa moja. Kwetu ushuhuda una mwanzo wake unaojulikana: Bwana asifiwe, naitwa fulani, niliokoka tarehe fulani. Asiye na tarehe anatazamwa. Sehemu ya desturi hii ina baba anayejulikana. August Hermann Francke, Mpietisti wa Ujerumani, mwaka 1687, akiwa na umri wa miaka 24, alipewa kuhubiri Yohana 20:31 mjini Lüneburg. Alipokuwa akiandaa mahubiri aligundua kwamba hana imani aliyotaka kuihubiri. Alipiga magoti akiomba Mungu amwokoe, kama kweli yuko. Mashaka yakaondoka ghafla, akainuka na uhakika. Ni habari ya kweli na ya kugusa. Shida ni kwamba waliomfuata huko Halle, mji wa Ujerumani alikofanyia kazi baadaye, waliigeuza kuwa kielelezo: huzuni, mapambano ya toba, kisha kupenya, na ukiweza utaje na siku. Nikolaus von Zinzendorf, kabaila wa Kijerumani aliyesoma kwenye shule za Francke mwenyewe na kumpenda Mwokozi tangu utoto, baadaye alitiliwa shaka na watu wa Halle kwa sababu hakuwa na mapambano ya kusimulia.

Baxter alikuwa amepita njia hiyo kabla yao. Alihangaika kwa kuwa hakuweza kutaja siku ya kuongoka kwake. Hatimaye aliona kwamba Mungu havunji mioyo yote kwa namna moja, na kwamba malezi ya wazazi ni njia ya neema kama yalivyo mahubiri. Viongozi wa vikundi wangefanya vyema kubadili swali. Badala ya "uliokoka lini?" uliza "unamtegemea nani leo, na hilo linaonekana wapi?" Mtoto aliyelelewa katika ibada ya nyumbani ana jibu la swali la pili. La kwanza linamfundisha kutunga.

Turudi kwa Spener. Alikuwa mchungaji mkuu wa Frankfurt tangu 1666. Mikutano ya nyumbani kwake ilifanyika mara mbili kwa wiki: maombi, kusoma, kisha mazungumzo. Mwanzo walisoma vitabu vya ibada, baadaye wakahamia Agano Jipya lenyewe. Mwaka 1675 alitoa mapendekezo sita ya kulihuisha kanisa, la kwanza likiwa Neno lisomwe kwa wingi zaidi, nje ya yale masomo machache ya Jumapili, na la pili likiwa ukuhani wa waamini wote: kila Mkristo ana wajibu wa kumfundisha, kumwonya na kumfariji jirani yake. Kwa Spener kikundi kilikuwa kanisa dogo ndani ya kanisa kubwa. Neno la kushikilia ni "ndani".

Maana lilivunjika haraka. Johann Jakob Schütz, mwanasheria aliyekuwa pamoja na Spener tangu mwanzo, alianza kujitenga na Meza ya Bwana kwa kuwa hakutaka kushiriki na watu aliowaona hawastahili, na mwishowe akajitenga na kanisa lenyewe. Spener aliumia, akaandika kupinga. Utaratibu wa kuharibika ni ule ule mpaka leo: kikundi kinapata uhai, kinalinganisha uhai wake na ubaridi wa usharika, kinaanza kusema "wao", na ndani ya mwaka au miwili kuna kanisa jipya chini ya turubai. Serikali ya Württemberg, kusini mwa Ujerumani, ililikabili jambo hili tarehe 10 Oktoba 1743 kwa agizo lililoruhusu mikutano ya Wapietisti kwa masharti: mchungaji ajue, mikutano iwe midogo, isigongane na ibada ya kanisa. Kwa hiyo huko Upietisti ulibaki ndani ya kanisa, ukawa sehemu ya maisha ya vijiji. Katika vijiji vya namna hiyo ndimo walimotoka wamisionari Johann Ludwig Krapf wa Derendingen, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann wa Gerlingen, aliyemfuata mwaka 1846.

Ukitaka kuanzisha kikundi, masharti yale matatu bado yanafaa kabisa. Mimi ningeongeza idadi: watu sita hadi kumi na wawili. Wakizidi hapo, watatu watasema na waliobaki watakuwa wasikilizaji. Kitabu kimoja cha Biblia kwa mfululizo, kisiwe andiko la kuokota. Dakika tisini, chai baada ya maombi, isiwe kabla. Anayeongoza aulize na asihubiri. Akizungumza zaidi ya robo ya muda, kikundi kimekuwa ibada ya pili.

Herrnhut, kijiji cha wakimbizi kwenye ardhi ya Zinzendorf kilichoanzishwa mwaka 1722, walikwenda mbele zaidi. Agosti 1727 ndugu 24 na dada 24 waligawana saa za siku nzima kuomba, kila mmoja saa yake, na zamu hiyo ikaendelea kwa takribani miaka mia. Angalia hesabu yake: hakuna aliyekesha usiku kucha. Kesha zetu zinawachosha watu kwa usiku mmoja, kisha wiki tatu hakuna maombi. Usharika wenye watu 24 walio tayari unaweza kufunika siku nzima kwa saa moja moja. Tarehe 3 Mei 1728 Zinzendorf alianza kutoa neno la siku, ambalo asubuhi yake lilipelekwa nyumba kwa nyumba. Mwaka 1731 likapigwa chapa. Mpaka leo Wamoravian, kanisa lililotokana na kijiji hicho, ambao walifika Rungwe mwaka 1891, wanapiga kura Herrnhut kuchagua maandiko ya mwaka kutoka Agano la Kale. Neno la siku la kwenye simu zetu ni mjukuu wake. Tofauti ni kwamba lile la Herrnhut lililetwa na mtu, aliyekukuta nyumbani na akaona hali yako.

Herrnhut pia walikuwa na vikundi vidogo vya watu wachache vya kufunguliana mioyo. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti na mjukuu wa mchungaji Mpuritani kwa upande wa mama, aliwatembelea mwaka 1738, na Desemba mwaka huo akaandika kanuni za vikundi kama hivyo: kukutana mara moja kwa wiki, wanaume peke yao na wanawake peke yao, kuulizana dhambi zilizotendwa tangu mkutano uliopita, majaribu yaliyokuja, na jinsi mtu alivyoponyoka. Uamsho wa Afrika Mashariki uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulikuwa na roho inayofanana: kutembea nuruni, kutubu mbele ya ndugu. Ulijenga watu wa kweli. Pia ulituonyesha hatari ya toba ya hadharani isiyo na mpaka, mtu anapotaja dhambi ambayo nusu yake ni ya mwingine aliyeketi kwenye benchi la nyuma. Kanuni salama ni kwamba ungamo lifike pale dhambi ilipofika. Uliyemkosea peke yake, mwendee peke yake. Uliyekosea usharika, ungama mbele ya usharika. Na lililoko moyoni tu, Mungu na ndugu mmoja au wawili wanaojua kunyamaza wanatosha.

Kwa wachungaji, nimeiacha kazi moja ya Baxter makusudi, kwa kuwa hakuna anayeipenda. Huko Kidderminster, mji wa wafumaji, yeye na msaidizi wake walitenga Jumatatu na Jumanne, asubuhi hadi karibu usiku, wakakutana na familia kumi na tano au kumi na sita kwa wiki, zaidi ya familia 800 kwa mwaka. Walizipitisha katika katekisimu na kuzungumza na kila mtu kuhusu nafsi yake. Anasema alipofika mjini palikuwa na kama familia moja kwa mtaa iliyokuwa na ibada ya nyumbani. Alipoondoka kulikuwa na mitaa ambayo kila upande wake haukuwa na zaidi ya familia moja isiyo na ibada hiyo.

Usharika wa familia 200 unahitaji familia nne tu kwa wiki. Mchungaji na mzee mmoja wa kanisa, mchana mmoja, saa moja kwa kila familia. Kinachokwamisha ni aibu: baba hataki kuulizwa mbele ya watoto, watu wanadhani ni mtihani. Baxter alizungumza na kila mmoja kando, wengine wasisikie, ila kwa wanawake alitaka watu wengine wawe karibu pasije pakatokea maneno. Alipoona mtu anababaika, hakumwacha aaibike. Aliligeuza swali likawa la ndiyo au hapana. Katekisimu alizigawa mapema, akahakikisha maskini hawanunui. Tangazeni ratiba ya mtaa mzima mwezi mmoja kabla, mkiwaanza wazee wa kanisa wenyewe, ili atakayefuata asijione amechaguliwa kwa kosa.